Saini ya Frema

Pokuaa alikuwa ameketi katika kliniki ya tatu, na nesi alikuwa anamuuliza kwa nini aliziacha zile mbili za mwanzo. Swali dogo tu hilo, la kujaza nafasi kwenye jalada. Lakini Pokuaa aliduwaa, mkoba mapajani, maana hata yeye alikuwa hajui. Alijua kwa nini ametoka nyumbani asubuhi ile, na kwa nini amefunga duka lake la vitambaa vya msiba pale sokoni Kejetia siku ya Alhamisi, wakati watu wote wa Kumasi wanahangaika na nguo za misiba ya Jumamosi. Ila kwa nini alihama hapa akaenda kule, hilo lilikuwa limemvurugika kichwani kama uzi uliochezewa na paka.

"Andika tu sikufanikiwa," akasema.

"Kote kuwili?"

"Kote kuwili, dada. Unataka nikuimbie?"

Nesi akacheka, akaandika. Nimako, mumewe, fundi wa injini kule Suame, alikuwa amesimama pembeni anasoma matangazo ya ukutani. Siku hizo kila walikoingia Nimako alisoma matangazo. Kunyonyesha, malaria, kunawa mikono, yote aliyajua. Ungemtungia mtihani angeshika namba moja.

Sasa ngoja nieleze mimi, kwa kuwa mwenyewe hawezi. Kliniki ya kwanza aliipata kanisani. Mama mmoja wa kwaya alimvuta pembeni baada ya ibada, akamnong'oneza jina la Dokta Amankwa, daktari wa wanaotafuta mtoto. "Nenda, mkono wake mwepesi. Ila usiseme nimekutuma mimi." Huko wanawake walikaa na miwani nyeusi ndani ya nyumba, kila mmoja kainamia simu yake, wala hakuna aliyemsalimu mwenzake. Kumasi hiyo, watu wanaosalimiana mpaka unachelewa safari! Siku moja akaingia mteja wake wa dukani, mwanamke ambaye juzi yake tu walikuwa wakivutana bei ya kitambaa chekundu. Wakatazamana. Wote wawili wakageukia ukutani, na tangu siku hiyo yule mteja hakukanyaga tena dukani kwa Pokuaa.

Dokta Amankwa alikuwa mpole, mwenye sauti ya padri. "Mayai yako ni machache, mama," alimwambia, "lakini ni mazuri." Pokuaa akachomwa sindano za tumbo, mayai yakatolewa, yakaunganishwa na mbegu za Nimako, yakarudishwa. Hayakushika. Wakarudia, hayakushika tena. Kila mara dokta alisema safari hii tumekaribia kabisa, kama kocha wa timu inayofungwa kila wiki. Na Pokuaa alimpenda, ndiyo taabu yenyewe. Alikuwa akimpelekea zawadi za vitambaa Krismasi.

Kisha mwenzake mmoja wa sokoni akamletea habari za kliniki ya Accra, ambako wifi wa jirani yake amepata mapacha. Pokuaa akaenda kwa Dokta Amankwa kuomba majibu ya vipimo vyake. Mzee wa watu akavua miwani. "Unanihama?" akauliza. "Hapana, dokta, nasafiri tu kidogo," Pokuaa akasema, akatoka na jalada kwapani, uso umemshuka, kama mke aliyekwenda kuomba talaka kwa mume ambaye hajamkosea kitu.

Accra ilikuwa jengo la vioo, na ndani baridi ya kukufanya utafute kanga. Daktari wa huko, mwanamke kijana, alifunua kurasa mbili tatu za lile jalada, akalifunga. "Mama, mayai yako yamekwisha. Walipaswa kukwambia mapema."

"Niliambiwa ni machache lakini mazuri."

"Yamekwisha, mama."

Alipopelekwa chumba cha pili kupigwa picha ya tumbo, fundi wa mashine akamwambia ana uvimbe kwenye kizazi, utolewe kwanza. Aliporudi chumba cha kwanza, daktari akasema uvimbe ule hauna neno, aachane nao. Jengo moja, midomo miwili! Pokuaa akatamani kupiga kelele. Amwamini nani? Mpole aliyemwambia mazuri, au huyu mkali aliyemwambia mabaya? Na je, kama wa kwanza alijua muda wote akanyamaza? Na kama huyu wa pili ndiye muongo, anataka tu kumwingiza kwenye matibabu mengine? Alikaa kwenye kiti cha baridi kile akijiona mjinga, mwanamke mzima ambaye sokoni hadanganywi hata na Walebanoni wauza vitambaa.

Daktari alimweleza lililobaki: atumie mayai ya mwanamke mwingine. Yaunganishwe na mbegu za Nimako, apandikiziwe yeye, abebe, azae. Pokuaa akalala na neno hilo, akaamka nalo, akakubali. Alikuwa binti pekee wa mama yake, na mama yake alikuwa amekwisha kufa. Yeye asipozaa, tumbo lile limefungwa. Kwa Nimako haikuwa shida sana. Dada zake wana watoto tele, na kwao mpwa ndiye mrithi, hivyo wakwe walikuwa wakimwangalia Pokuaa bila kinyongo, hata kwa furaha kidogo. Aliyekuwa akiungua ni yeye.

Ikaja siku ya kuchagua. Nesi wa pale, binti wa pwani ile ya Accra, alifungua kompyuta akaanza kumtajia: huyu mrefu, maji ya kunde, amesoma chuo kikuu. Huyu mweusi, meno yana mwanya, damu yake haina sikoseli.

"Wa ukoo gani?" Pokuaa akauliza.

"Nani?"

"Huyo wa mwanya. Mama yake ni Asona? Ni Bretuo? Ni Agona?"

Nesi akamtazama, halafu akaangua kicheko. Kwao ukoo hufuata baba, hakuona hata linakotokea swali. "Mama, hayo hatuulizi. Yai halina ukoo!"

Yai halina ukoo! Ebu sikia maajabu. Mwasante, kama Pokuaa, hupata roho kwa baba yake na damu kwa mama yake, na damu ndiyo ukoo. Ndiyo nyumba utakayolilia na ndiyo itakayokuzika. Pokuaa alimjibu nesi kwamba atarudi, akatoka.

Ndani ya gari njiani kurudi Kumasi, Nimako aliendesha mpaka wakapita mji wa Nsawam. Kisha akasema, "Na akiwa Bretuo?"

Pokuaa akamgeukia. Nimako mwenyewe ni Bretuo. Mwanamume na mwanamke wa ukoo mmoja ni kaka na dada, hata kama hawajawahi kuonana, hata kama mmoja kazaliwa mpakani na mwingine mjini. Kulala pamoja ni uchafu usiosemeka.

"Mimi na dada yangu ndani ya kichupa kimoja?" Nimako akasema. "Jamani, Pokuaa! Halafu wazee wakijua?"

"Hawatajua."

"Mimi nitajua."

Akasimamisha gari kando ya barabara, akanunua ndizi za kuchoma ambazo hakuzila. Pokuaa akaona Accra nayo imekufa. Ndivyo walivyofika kliniki ya tatu, nje ya Kumasi kwenye njia ya Ejisu, ambayo Pokuaa alisikia inaruhusu mtu aje na mtoa mayai wake mwenyewe. Daktari wa hapo naye akasema mayai yamekwisha, na uvimbe upo ila haudhuru. Angalau wawili wamekubaliana. Pokuaa akashukuru, ingawa alichoshukuru kilikuwa habari mbaya.

Mtoa mayai alikuwa mmoja tu duniani, Frema. Mama zao walizaliwa tumbo moja, damu moja na ukoo mmoja, nao wawili wakalelewa ua mmoja, Pokuaa akimbeba Frema mgongoni. Sasa Frema ni mpishi wa karamu, mwanamke wa maneno na vicheko, ana watoto wake watatu wanaomwita Pokuaa mama mkubwa. Nimako humwita mke wangu, na yeye humwita mume wangu mbele ya kila mtu, akimdai nguo za sikukuu.

Pokuaa alimkuta uani kwake anageuza fufu, ugali wa kutwangwa, kinuni, kijana wa jirani akitwanga. Akasubiri fufu iishe na kijana aende zake. Akamweleza.

"Mayai?" Frema akajishika tumbo. "Haya ya humu?"

"Hayo hayo."

"Yaani mimi sasa nimekuwa kuku wako, dada?"

"Frema, usicheke."

"Nicheke nini? Mbona unazunguka dunia yote hiyo? Mchukue Dufie kati ya hawa wanangu watatu. Kwani si mwanao? Kwako anakula vizuri kuliko kwangu. Beba nguo zake leo hii hii, mimi nitapumzika kelele."

"Dufie nampenda. Lakini nataka kubeba mimba."

Frema akaacha kucheka. "Kumbe shida yako ni tumbo, si mtoto."

Neno hilo lilimchoma Pokuaa, na lilimchoma kwa sababu hakujua kama ni uongo. Akaanza kulia. "Nataka vyote! Nataka niulizwe sokoni natarajia lini. Nataka nivimbe miguu. Nataka nitapike, Frema, hata kutapika!"

"Kutapika tu?" Frema akamvuta akamkumbatia, mikono ina utelezi wa fufu. "Si ungesema, ningekupikia konokono waliooza ukatapika mpaka utubu." Wakacheka na kulia pamoja. Kisha Frema akajifuta. "Haya. Nimekubali. Mwambie yule mume wangu alete mahari kamili, mayai yangu si ya magendo."

Basi Frema akachomwa sindano za kukuza mayai, akavimba, akalalamika, akaita kila nesi kwa jina. Wote kliniki walimpenda. Ile sindano ya mwisho, ya kuyakomaza, ikapigwa. Baada ya hiyo hakuna kungoja. Mayai yatolewe asubuhi iliyopangwa, la sivyo yanapotea na kazi yote imekwenda na maji.

Asubuhi hiyo Frema alikuwa amekwisha kuvaa gauni la wagonjwa, Nimako ametoka kwenye chumba kidogo alikotoa mbegu, akitazama chini, Pokuaa anaomba Mungu kimoyomoyo. Nesi akaja mbio na karatasi. Ilitakiwa kusainiwa tangu mwanzo, akasema, ila walipitiwa. Ni saini moja tu.

Frema, ambaye kusoma anakujua vizuri, akaisoma. Akairudia mahali fulani. "Hapa pameandikwa, mtoa mayai hatakuwa na haki yoyote juu ya mtoto, wala hatajitambulisha kuwa mama yake, wala hatakuwa na uhusiano wa mzazi naye." Akainua uso. "Hii siiwezi."

Pokuaa akamsogelea. "Unamaanisha nini?"

"Namaanisha ni uongo. Ungezaa kwa mayai yako mwenyewe, mimi ningekuwa nani kwa mtoto huyo? Si mama? Mama zetu si hivyo hivyo? Mama yangu hakuwa mama yako? Leo nisaini kwamba mtoto wa dada yangu si mwanangu? Hata adui siwezi kumsainia hivyo!"

Daktari akaja, kofia ya upasuaji kichwani. "Mama Frema, hata mimi ni Mwasante, naelewa. Lakini hii karatasi ni ya ofisi tu."

"Kama ni ya ofisi, ofisi ije itoe mayai."

Nesi akaficha kicheko, daktari akatazama saa ya ukutani. Akaeleza kwa upole kwamba bila saini hawezi kumlaza mezani, na kwamba dawa iliyo mwilini mwake haisubiri mazungumzo. Nimako akasema, "Mke wangu, saini tu, tutaelewana nyumbani." Frema akaishusha karatasi. Alikuwa anamtazama Pokuaa.

Na hapo Pokuaa alichanganyikiwa kuliko siku zote za kuhama na kurudi. Alijua Frema anasema kweli. Alijua kauli sahihi ni ipi: dokta, dada yangu asisaini, futa mstari huo, au tuondoke. Mdomo wake ulikuwa umekwisha kufunguka kuisema. Lakini chini ya kauli hiyo kulikuwa na nyingine imelala, na sasa imeamka. Alikuwa anautaka mstari ule. Maisha yake yote alikuwa mama mkubwa, mama wa pembeni, mama wa kupelekewa watoto likizo. Alitaka safari hii awe mama asiye na mwenzake. Kliniki zote zile, miwani nyeusi ile, uongo kwa mzee Amankwa, yote yalikuwa kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye hakuna mwingine angesema ni wangu pia. Akaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Alinyamaza kidogo tu. Frema akauona ukimya ule, akausoma kama alivyosoma karatasi.

"Kumbe unataka nisaini," akasema taratibu.

"Frema, si hivyo. Mayai yatapotea..."

"Nimekuelewa, dada."

Akamnyang'anya nesi kalamu, akasaini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Akampa daktari. Kisha akapanda kitanda chenye magurudumu mwenyewe, hakutaka kushikwa mkono, wakamsukuma ndani.

Mayai yalitoka mengi na mazuri. Lililopandikizwa kwa Pokuaa likashika. Nesi alipopiga simu, Pokuaa alikuwa dukani anampimia mtu kitambaa cheusi. Akapiga yowe, wateja wakadhani kafiwa. Simu ya kwanza aliyopiga ni kwa Frema.

"Hongera, dada," Frema akasema. "Nimefurahi sana kwa ajili yako."

Ilikuwa sauti nzuri, ya kweli, hakuna aliyeweza kuilaumu. Pokuaa alikata simu akabaki ameishika, hajui kilichokosekana. Miezi ikaenda. Miguu ikavimba, akatapika mpaka akachoka kutapika, sokoni wakamuuliza anatarajia lini. Frema alikuja kila alipoitwa. Alileta mchuzi wa mawese, akasugua miguu ya dada yake, akamtania Nimako kama kawaida. Lakini alikuwa akiuliza, "Mtoto wako anacheza?" Au, "Mtoto wako hapendi tangawizi, eh?" Mtoto wako. Mara ya kwanza Pokuaa hakulisikia. Baadaye hakusikia kingine. Shangazi wa mbali, muuza nyanya, hata kijana wa kubeba mizigo walikuwa wanasema mtoto wetu. Frema peke yake alisema mtoto wako, bila ubaya, kama mgeni mwenye adabu. Na Pokuaa angemlaumu kwa lipi? Hilo ndilo alilolitaka, akalinunua kwa ukimya wake mwenyewe. Alijaribu kukasirika, hasira haikupata mahali pa kukaa.

Akazaa mtoto wa kike. Siku ya nane, alfajiri, watu wakajaa uani kwa Nimako kumpa mtoto jina, nguo nyeupe tupu. Baba mkwe akaonjesha ulimi wa mtoto maji, kisha kinywaji kikali, ili ajue kutofautisha maji na pombe, kweli na uongo. Wakamtaja jina, watu wakaitika. Halafu mtoto akaanza kuzungushwa kwa wanawake wa upande wa mama, kila mmoja akimpokea na kumwita, njoo kwa mama yako, mwanangu wee.

Frema alikuwa ameketi upande wa pili, kwenye viti vya majirani, sahani ya zawadi mapajani. Alikuwa amepika chakula chote cha siku ile. Pokuaa alimwona pale, miongoni mwa wageni. Akamchukua mtoto mikononi mwa watu, akauvuka ua mzima huku kila mtu anatazama, akasimama mbele ya mdogo wake.

"Mpokee mwanao," akasema. "Frema, tafadhali. Mpokee mwanao."

Frema alimtazama mtoto. Alimtazama kwa muda mrefu, na uso wake ukaanza kuvunjika, mdomo kwanza. Lakini mikono yake ilibaki juu ya sahani.

"Nilisaini, dada," akasema.

Mtoto akaanza kulia. Mtu fulani nyuma akauliza kuna nini, Nimako akasema hakuna kitu, na baba mkwe akaagiza watu waletewe vinywaji. Pokuaa alibaki amesimama pale pale, amemnyooshea Frema mtoto, mikono inamuuma kwa uzito mdogo ule. Hakujua amwombe msamaha kwa maneno gani, wala kama anaruhusiwa kurudi alikokaa. Hakuirudisha mikono.